Bruce Lee: Bingwa wa mateke aliyefunzwa adabu na chuma

NI zaidi ya miaka 50 tangu Bruce Lee azikwe mjini Seattle, Marekani. Hata hivyo, katika Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, si ajabu kukutana na sura yake kwenye fulana ya mtumba au ubavuni mwa kibanda cha video. Wazee waliomwona sinemani miaka ya sabini wanamkumbuka. Wajukuu wao wanamjua kwa sauti ya mfasiri wa filamu anayepaza kelele juu ya kila teke.

Wanachokijua wengi ni mateke hayo. Wasichokijua ni kwamba mtu huyo mwembamba, aliyekuwa na urefu wa mita 1.72 na uzito wa kilo 60 na kidogo, alikuwa mnyanyua vyuma wa dhati, aliyeandika kwenye daftari kila kilo aliyoinua. Wachache zaidi wanajua kwamba chuma hichohicho kilimlaza kitandani kwa miezi kadhaa, madaktari wakamwambia hatapiga teke tena maishani.

Kwa vijana wa mpakani, kisa hiki kina uzito wa pekee. Kati ya Busia, Malaba na Tororo wapo wanaobeba magunia na mifuko ya saruji mchana kutwa, kisha jioni wanakwenda kunyanyua vyuma, na baada ya hapo wanajifunza karate, ndondi au mieleka. Mwili ni mmoja, na mgongo ndio unaoleta unga nyumbani. Maisha ya Bruce Lee yanaonyesha namna ya kuunganisha nguvu na mapigano, na gharama ya kukosea hesabu.

Mtoto wa jukwaani

Bruce Lee alizaliwa Novemba 27, 1940 katika mtaa wa Wachina mjini San Francisco, Marekani. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni na wakati huo alikuwa ziarani na kundi lake. Mama yake aliitwa Grace Ho. Jina alilopewa nyumbani ni Lee Jun-fan. Hilo la Bruce lilipatikana hospitalini.

Alikuwa mchanga bado wazazi waliporudi naye Hong Kong. Muda mfupi baadaye, Desemba 1941, Wajapani waliliteka koloni hilo la Waingereza na kulikalia hadi 1945. Baada ya vita, mtoto huyo aliingia kwenye filamu, na kabla hajafikisha miaka 18 alikuwa ameonekana katika filamu zipatazo 20.

Lakini mitaa ya Kowloon ilikuwa na makundi ya vijana waliopigana juu ya mapaa ya nyumba, na Bruce hakuwa mtu wa kukaa kando. Katika ujana wake alipelekwa kwa mwalimu Ip Man, bingwa wa mtindo wa kungfu uitwao Wing Chun, ambao hutumia ngumi fupi za karibu na mikono inayohisi nguvu ya adui. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya ndondi ya shule za Hong Kong, na mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa kucheza dansi ya cha-cha. Wepesi wa miguu aliojifunza kwenye dansi haukumtoka hadi mwisho.

Ugomvi wa mitaani ulipozidi na polisi wakaanza kulitaja jina lake, wazazi waliamua kumwondoa. Mwaka 1959, akiwa na miaka 18 na dola 100 mfukoni, alipanda meli kurudi nchi aliyozaliwa.

Seattle na mwanafunzi wa kwanza

Mjini Seattle alipokewa na Ruby Chow, mwanamke wa Kichina aliyekuwa na mkahawa. Bruce alilala chumba kidogo juu ya mkahawa huo na kulipia makazi kwa kuhudumia wateja, kazi aliyoichukia. Alimaliza masomo ya sekondari, kisha mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington, alikosoma maigizo pamoja na falsafa.

Wakati huo alianza kufundisha kungfu. Mwanafunzi wake wa kwanza Marekani alikuwa Jesse Glover, kijana Mweusi aliyecheza judo. Jambo hilo halikuwa dogo. Walimu wengi wa Kichina wa wakati ule hawakupenda kuwafundisha watu wa nje ya jamii yao, na Marekani yenyewe bado ilikuwa imegawanyika kwa rangi. Bruce alimfundisha yeyote aliyekuja na moyo wa kujifunza. Naye alijifunza kutoka kwao. Kundi lile la kwanza lilikuwa na wacheza judo, mabondia na wapiganaji wa mitaani, na mazoezi yalikuwa kubadilishana ujuzi.

Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery, mwanafunzi mwenzake wa chuo, wakahamia Oakland, California. Huko ndiko chuma kilipoingia maishani mwake.

Fundi wa kuchomelea na mnyanyua vyuma

Mwenyeji wake Oakland alikuwa James Yimm Lee, fundi wa kuchomelea vyuma aliyemzidi Bruce miaka 20. Hawakuwa ndugu wa damu licha ya kufanana jina. James alikuwa amenyanyua vyuma tangu ujana wake, na kwa mikono yake mwenyewe aliunda vifaa vya mazoezi ambavyo havikupatikana dukani. Rafiki yake Allen Joe alikuwa mtunisha misuli aliyewahi kushinda mashindano. Wawili hao walimwonyesha Bruce jinsi ya kushika uzani, kuhesabu marudio na kuipumzisha misuli.

Kwa walimu wengi wa kungfu wa siku hizo, jambo hili lilikuwa karibu na dhambi. Waliamini kwamba chuma humfanya mpiganaji kuwa mgumu na mzito, akapoteza kasi. Imani hiyo haikuwa ya Wachina peke yao. Makocha wa ndondi wa wakati huo, Ulaya, Marekani na hata hapa kwetu, waliwakataza mabondia kugusa vyuma kwa hoja hiyohiyo.

Agosti 1964, katika mashindano ya karate ya Long Beach yaliyoandaliwa na Ed Parker, Bruce aliwashangaza watazamaji kwa kupiga pushapu kwa vidole viwili vya mkono mmoja, na kwa ngumi iliyosafiri inchi moja tu na kumrusha mtu nyuma. Angeweza kubaki na sifa hizo. Kilichomzindua ni pambano lililofuata.

Mwishoni mwa mwaka huo alipigana Oakland na mwalimu mwingine wa kungfu, Wong Jack-man. Watu walioshuhudia wametofautiana juu ya nani alishinda na kwa nini walipigana. Kinachokubalika ni kwamba Bruce hakuridhika. Alikimbizana na mpinzani, ngumi za Wing Chun hazikumfikia vizuri, na mwisho wake akawa anahema. Mtu aliyejiona bingwa alikuwa ameishiwa na pumzi.

Badala ya kutafuta visingizio, alianza upya. Aliamua kwamba mtindo mmoja hautoshi, na kwamba ufundi bila mwili ulioandaliwa ni nusu ya silaha.

Daftari la mazoezi

Mwaka 1965 ulianza kwa furaha na msiba. Februari alizaliwa mwanawe wa kwanza, Brandon, na siku chache baadaye baba yake Bruce akafariki Hong Kong. Aliporudi huko na familia mwaka huo alijiandikisha katika ukumbi wa mazoezi, na kadi yake ya mwezi Mei imehifadhiwa hadi leo. Inaonyesha kwamba alichuchumaa na kuinuka akiwa na chuma cha pauni 95 mabegani, yaani kilo 43 hivi, mara 10 kwa seti 3. Kijana anayebeba gunia la mahindi la kilo 90 kutoka kwenye lori anaweza kucheka. Lakini Bruce hakutafuta kubeba mzigo mkubwa, alitafuta nguvu atakayoweza kuitumia kwa haraka.

Kuna wakati alijaribu kuongeza mwili kwa mazoezi mazito ya mikono na kifua. Mwili uliongezeka, ila aliona kwamba misuli mingine ilimwongezea uzani bila kumwongezea pigo. Hapo akaanza kupunguza, na hatimaye akabaki na mazoezi machache ya mwili mzima: kuinua chuma kutoka chini hadi juu ya kichwa, kuchuchumaa, kusukuma chuma akiwa amelala benchi, kukunja mikono, na kuinama na chuma mabegani. Kila moja alilifanya kwa seti 2, marudio kati ya 6 na 12. Kazi nzima ilichukua kama nusu saa.

Mpangilio wa wiki ndio ulikuwa siri yake. Vyuma alivishika mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ili misuli ipate siku ya kupona. Mbio, kuruka kamba na baiskeli alivipa siku zilizobaki. Ngumi, mateke na kupigana na mwenzake vilikuwa na saa zao, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa kazi yake, na vyuma vilikuwepo kuvisaidia. Mikono ya chini, kuanzia kiwiko hadi vidole, aliifanyia kazi karibu kila siku, akisema na moyo wake kwamba ngumi haiwezi kuzidi mkono unaoibeba. Tumbo nalo halikupumzika sana.

Alikuwa pia anakusanya mitindo. Alisoma vitabu vya ndondi na kutazama filamu za mabondia, akawa anachukua hatua za miguu za mchezo wa panga wa Ulaya. Alipokuwa akiigiza kama Kato katika kipindi cha televisheni The Green Hornet, kilichooneshwa 1966 hadi 1967, alikutana na Gene LeBell, bingwa wa judo na mieleka, wakabadilishana ujuzi. LeBell alimfunza namna ya kumwangusha mtu na kumfunga viungo chini, naye akamfunza mateke. Mwaka 1967 Bruce aliupa mkusanyiko wake jina la Jeet Kune Do, yaani njia ya ngumi inayokatiza.

Leo tunaita mchanganyiko huo mapigano mseto, mchezo ambao mashindano yake makubwa ya UFC yalianza Denver, Marekani, Novemba 1993. Bruce alikuwa amefariki miaka 20 kabla. Hata hivyo kiongozi wa UFC, Dana White, amemtaja kuwa baba wa mchezo huo.

Asubuhi ya Agosti 13, 1970

Kufikia 1970 familia ilikuwa Los Angeles, katika nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo. Binti yao, Shannon, alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi. Hollywood haikuwa ikimpa Mchina nafasi kubwa, na Bruce aliishi kwa kuwafundisha watu mashuhuri, miongoni mwao waigizaji Steve McQueen na James Coburn. Mcheza kikapu Kareem Abdul-Jabbar naye alikuwa mwanafunzi wake.

Asubuhi hiyo aliweka chuma mabegani, cha uzani unaokaribia ule wa mwili wake, akaanza kuinama kutoka kiunoni na kuinuka. Ni zoezi alilokuwa amelifanya mara nyingi. Tofauti ya siku hiyo ni kwamba hakuupasha mwili moto kwanza. Maumivu yalianza taratibu, na siku zilizofuata yakawa makali kiasi cha kumfanya ashindwe kusimama vizuri.

Madaktari walimpiga picha na kumpima. Walimwambia ameumia mshipa wa fahamu sehemu ya chini ya mgongo. Dawa yake ilikuwa kulala, na kuhusu kungfu wakamwambia aisahau; hataweza kupiga teke la juu tena.

Kwa mtu ambaye chakula cha watoto wake kilitoka miguuni, hiyo ilikuwa hukumu. Mapato yalikauka. Linda alitafuta kazi ya jioni katika kampuni ya kupokea simu, na Bruce, katika jamii na enzi ambayo mwanamume alihesabiwa kwa kulisha nyumba, akabaki na watoto. Waliomjua wanasema aibu ya kulishwa na mke ilimuuma kama mgongo wenyewe.

Kwa miezi kama sita hakufanya mazoezi ya kawaida. Alisoma na kuandika. Kitandani na kwenye kiti alijaza madaftari kwa michoro na maelezo ya mapigano, lishe, na mwendo wa mwili. Baada ya kifo chake maandishi hayo yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1975 kama kitabu, Tao of Jeet Kune Do, ambacho kimesomwa na wapiganaji duniani kote.

Alipoanza tena, alianza polepole. Alitembea, akajinyoosha, akarudi kwenye uzani mwepesi, na hatimaye kwenye mateke. Madaktari walikosea kuhusu mateke, lakini hawakukosea kuhusu mgongo. Maumivu hayakumwacha kamwe. Mateke yote ambayo dunia inayajua kutoka kwenye sinema zake kubwa, aliyapiga akiwa na mgongo uliojeruhiwa, na mara nyingi kwa msaada wa dawa za maumivu.

Miaka miwili iliyobaki

Mwaka 1971 alirudi Hong Kong kufanya kazi na Raymond Chow wa kampuni ya Golden Harvest. The Big Boss, iliyopigwa Thailand, ilivunja rekodi ya mapato ya Hong Kong mwaka huohuo. Fist of Fury ilifuata mwaka 1972. The Way of the Dragon, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, ilimpambanisha na Chuck Norris ndani ya magofu ya Colosseum ya Roma.

Mwanzo wa Enter the Dragon, filamu ya mwisho aliyoikamilisha, una pambano ambalo mashabiki wa mapigano mseto hulirudia kila mara. Bruce na Sammo Hung wamevaa glovu ndogo zenye vidole wazi, wanapiga ngumi na mateke, wanaangushana, na mwisho Bruce anamkunja mwenzake chini mpaka anakubali kushindwa. Ni kanuni za leo zilizoonyeshwa mwaka 1973.

Lakini mwili ulikuwa umechoka. Alikuwa amepungua uzito na alifanya kazi bila kupumzika. Mei 10, 1973 alianguka akiwa katika chumba cha kurekodi sauti, na madaktari wakakuta ubongo umevimba. Aliokolewa. Julai 20, akiwa Hong Kong, alilalamika kwamba kichwa kinamuuma, akapewa kidonge cha maumivu, akalala na hakuamka. Alikuwa na miaka 32. Ubongo ulikuwa umevimba tena. Uchunguzi wa mahakama ulihitimisha kwamba ni kifo cha bahati mbaya, kikihusishwa na jinsi mwili wake ulivyoikataa dawa hiyo. Enter the Dragon ilifika kumbi za Marekani wiki chache baada ya mazishi yake. Mwanawe Brandon, aliyefariki kwa ajali ya bunduki akipiga filamu mwaka 1993, amezikwa kando yake.

Urithi uliovuka mpaka

Filamu hizo zilifika Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wakati Afrika Mashariki ilipokuwa na misukosuko yake. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, mpaka ukawa mgumu kwa watu na bidhaa, lakini Bruce Lee hakuhitaji pasipoti. Mtu mfupi asiye Mzungu aliyewashinda wakubwa wake alieleweka pande zote bila mkalimani. Baadaye kanda za video zilimpeleka kwenye vibanda vya miji midogo, na huko Wakaliga, Kampala, watengenezaji wa filamu za mapigano wana mwigizaji anayejiita Bruce U.

Leo, Jumuiya imerudi, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia kimepunguza safari za kutoka ofisi hadi ofisi. Kijana wa Tororo anaweza kufanya mazoezi asubuhi chini ya Mwamba wa Tororo na jioni akapigana kirafiki na mwenzake wa Busia. Vifaa vingi ni vya kujiundia: makopo yaliyojazwa saruji, vyuma chakavu vya gari, gunia la mchanga lililoning'inizwa mtini. James Yimm Lee, yule fundi wa kuchomelea, angejisikia nyumbani.

Kinachokosekana mara nyingi ni daftari na siku ya kupumzika. Kijana aliyepakua lori zima la mifuko ya saruji ya kilo 50 amekwisha kunyanyua vyuma siku hiyo, hata kama hakukanyaga ukumbi wa mazoezi. Mgongo haujui tofauti kati ya mzigo wa ujira na mzigo wa mazoezi. Kwake, jioni kama hiyo ni ya kujinyoosha na kujifunza ufundi, na chuma kisubiri siku ambayo hakuna lori. Na siku hiyo ikifika, dakika 10 za kuruka kamba kabla ya kugusa uzani si anasa.

Bruce Lee aliutii mpango wake kwa miaka mitano, akaupuuza asubuhi moja. Alikuwa na mke aliyeweza kupata kazi, jina lililojulikana, na Hong Kong iliyomngoja. Mbeba mizigo wa Busia akilala miezi sita hana Hong Kong ya kumngoja, na lori la kesho litapakuliwa na mwingine.